Kubadili Maji ya Rejeta ya Lori Nyumbani



Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya maji yaliyomo ndani ya rejeta ya lori, jinsi ya kuyamwaga yaliyochakaa na kutia mengine mahali pake. Ni kazi ambayo mwenye lori aweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwa spana mbili tatu na ndoo, akiwa na saburi. Labda mtu ataniuliza, "Mwalimu, wewe na malori wapi na wapi? Si ungetueleza habari za chaki?" Kweli, mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Walakini nina mjomba, na mjomba wangu ana lori; na sisi watu wa Lindi twajua kwamba mali ya mjomba ikiumwa, mpwa naye hana raha.

Mjomba wangu anakaa Kilangala. Lori lake ni la tani tatu na nusu, kuukuu lakini lenye nguvu, na wakati wa mavuno ya ufuta halilali. Ufuta ukiisha huja korosho, na korosho zikiisha hubeba simenti, mbao, mabati, na pengine maarusi. Kwa lori hilo nyumba imejengwa, na kwa lori hilo wajukuu wake wanasoma.

Likizo moja ya mwezi wa Juni nalikwenda kumwamkia. Nalimkuta amekaa barazani, na lori limesimama chini ya mwembe, boneti wazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo pande zote mbili.

"Lori lina nini?"

"Linachemka. Jana katika mpando wa Rondo limechemka mara tatu. Utingo amelitia madebe ya maji njiani, na bado. Ufuta wa watu uko shambani, na mnada hauningoji mimi."

Nikamwuliza, maji yale yametoka wapi? Akanitazama kama mtu aulizwaye jua linatoka wapi. "Kisimani. Maji ni maji."

Hapo ndipo penye kisa chote, na kwa ajili ya neno hilo nataka kwanza niwaeleze kwa nini injini ina maji ndani yake.

Injini ni jiko lililofungiwa. Mafuta yawakapo ndani ya silinda, moto ule kwa nukta moja hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi, na chuma cha kusubu huyeyuka kwa nyuzi kama 1,200, na alumini kwa nyuzi 660 tu. Basi kwa nini injini haiyeyuki? Kwa sababu maji huzunguka pembeni mwa silinda mchana kutwa, yakichukua joto na kulipeleka mbele kwenye rejeta, na huko feni na upepo wa njia huliondoa. Mkitia lita tatu za dizeli, joto la lita moja hivi ndilo linalosukuma lori. Joto la lita ya pili hutoka na moshi. Na joto la lita ya tatu ni mzigo wa maji yale. Maji yakishindwa kubeba mzigo huo, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na mwenye lori huuza ng'ombe.

Sasa maji ya visima vyetu. Wanafunzi, nendeni jikoni mkatazame ndani ya birika la zamani. Mtaona ukoko mweupe umeshika chini na pembeni. Kwangueni kidogo, mtie katika kisahani, kisha mkamulie ndimu juu yake. Utatoa povu dogo dogo. Hiyo ni chokaa. Sehemu kubwa ya pwani yetu, tangu Kilwa hata Lindi na kushuka Mtwara, imelala juu ya jiwe la matumbawe, na mvua ikipita katika jiwe hilo huliyeyusha kidogo kidogo na kwenda nalo kisimani. Wazee wa Kilwa Kisiwani walijenga Msikiti Mkuu kwa jiwe la namna hiyo, wakalichoma pia kupata chokaa ya kupigia kuta. Ni jiwe jema sana kwa msikiti. Ndani ya rejeta ni adui. Kila maji yachemkapo, chokaa huacha maji na kushika chuma, na ukoko wa chokaa hauruhusu joto kupita kama chuma kiruhusuvyo. Ni kama kumvika mtu blanketi jua la saa saba. Tena vijia vya rejeta ni vyembamba, na huziba kama mrija wa kiko. Kisima kikiwa karibu na bahari, maji yake yana chumvi pia, na chumvi huharakisha kutu.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba yangu alikuwa dreva wa trekta Nachingwea, wakati wa Waingereza wa karanga. Alitia maji ya mtoni." Ni kweli, babu yangu alikuwa katika mpango ule wa karanga ulioanza mwaka 1947 ukakomeshwa mwaka 1951. Nikamkumbusha mjomba, kwa adabu, kwamba mzee mwenyewe alikuwa akituhadithia jinsi matrekta mengi yalivyosimama porini yasitembee tena. Mjomba akacheka. Akasema, "Haya, mwalimu, tufanye unavyotaka."

Dawa ya rejeta, ambayo mafundi huiita kulanti, hudharauliwa sana huku kwetu kwa sababu ya jina lake la kwanza. Katika nchi za baridi maji hugeuka barafu, na yakigeuka huvimba kwa sehemu kama moja katika kumi na moja, na nguvu hiyo hupasua chuma cha injini. Kwa hiyo watu wa huko walitafuta kitu cha kuchanganya na maji yasigande. Walikipata katika majimaji yaitwayo ethilini glaikoli, ambayo Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliyatengeneza mara ya kwanza katika miaka ya 1850, lakini hayakutumika sana katika magari mpaka miaka ya 1920. Nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huo haugandi mpaka baridi ifike nyuzi 37 chini ya sifuri. Ndipo mtu wa Lindi husema, "Barafu yetu ni ya kununua dukani, dawa hii ya nini?" Nami namjibu: dawa hii ina kazi nyingine mbili. Kwanza, maji yenye dawa huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, imetiwa vitu vya kuzuia kutu na kulinda chuma, alumini na mipira. Vitu hivyo huchoka. Dawa ya kawaida hudumu kama miaka miwili, na ya siku nyingi hata miaka mitano. Kitabu cha gari husema. Ikiisha nguvu zake, rangi yaweza kubaki nzuri vile vile, lakini kinga haimo tena.

Siku ile ile tukaenda Lindi mjini, tukanunua madumu mawili ya dawa safi isiyochanganywa, ya lita tano kila moja. Mkinunua, someni kibandiko, maana dawa nyingine huuzwa ikiwa imekwisha changanywa na maji, na hiyo haiongezwi maji tena. Wala msichague kwa rangi. Rangi ni ya mwenye kiwanda. Moja ataitia kijani, na mwingine ataitia nyekundu dawa ile ile. Mkichanganya aina mbili zisizopatana, zaweza kuganda kama uji na kuziba njia.

Yalibaki maji. Yafaayo ni maji yaliyokanekwa, au maji ya mvua yaliyokingwa katika bati safi baada ya mvua za kwanza kulisafisha bati lenyewe. Wengine hununua maji ya betri dukani. Ni mazuri, ila tahadharini, maana kwetu jina hilo moja huitwa vitu viwili: maji ya kuongezea betri, na tindikali ya kujazia betri mpya. Ole wake atiaye hiyo ya pili. Sisi tulikuwa na maji ya mvua, lakini yalikuwa mali ya mke wa mjomba, ambaye mimi humwita Mama. Alikuwa na tangi lake alilolijaza masika, naye huyatunza maji yale kama samli. Tulipomwomba madebe mawili alituuliza kama lori linakunywa chai. Mwishowe alitoa.

Kazi tuliianza alfajiri, kabla ya jua. Sababu yake ni hii: injini sharti iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha, au kwa uchache imepumzika saa tatu nne. Na hapa nitakaa kidogo, maana mkono wangu wa kulia una baka kutoka kiwiko hata kiganja, nalo linanipa haki ya kusema. Nalikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimepanda lori la mizigo kwenda kuripoti kituo changu cha kwanza cha kazi. Lori likachemka. Dreva akaenda kujisaidia, nami, kwa kujiona nimesoma, nikapanda juu ya bampa na kufungua kifuniko cha rejeta. Nalijua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Nilichosahau ni kwamba kifuniko cha rejeta kina springi, nayo huyabana maji ndani ili yaweze kupita nyuzi 100 yasichemke, hata yakaribie nyuzi 120. Ukikifungua, ile nguvu ya kuyabana huondoka mara moja, na maji yote kwa pamoja hukumbuka kwamba yamepita kiasi. Huruka juu, mvuke na maji, yasimngoje mtu akimbie. Nalikwepesha uso, mkono haukuwahi. Basi lori likichemka njiani, zimeni injini, mkae kivulini, mle mihogo yenu, mngoje mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Wala msimwage maji ya baridi katika injini iliyo moto, maana silinda hedi hupasuka kama glasi iliyotiwa chai.

Tuliliweka lori mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mjomba akatia ufunguo mfukoni mwake. Nikafunika kifuniko kwa kitambaa, nikakizungusha polepole, kikafunguka kimya. Chini kabisa ya rejeta kuna koki ndogo. Tukaweka beseni chini yake, tukaifungua. Malori mengine hayana koki, na hapo mtu hulegeza klipu ya mpira wa chini na kuuvuta, lakini ajiandae kulowa.

Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai kavu, na chini ya beseni palikuwa na unga mwekundu. Ule unga ulikuwa chuma cha injini ya mjomba. Alitia kidole, akausugua kwa gumba, asiseme neno. Nikayatazama vizuri kama yana mafuta juu yake. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikatazama kama oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Dalili hizo zingeonyesha kwamba gasketi imeungua au chuma kimepasuka, na kubadili maji peke yake kusingefaa kitu. Mtu wa namna hiyo na aende kwa fundi. Tulishukuru, hazikuwamo.

Tukapima maji yaliyotoka kwa dumu: lita tisa. Kitabu cha lori kilisema linachukua lita kumi na nne. Lita tano, basi, zilikuwa zimebaki ndani ya injini. Pembeni mwa bloku kuna nati ya kuyatoa hayo, lakini ilikuwa imeshika kutu, na mjomba akanizuia nisiilazimishe. "Ikikatika hiyo, ufuta wa watu utaoza." Alisema kweli, nikaiacha. Kwa hiyo tukasuuza. Tukafunga koki, tukatia lita tisa za maji ya mvua, tukawasha injini mpaka mpira wa juu ukawa moto, tukazima, tukangoja ipoe, tukamwaga tena. Wanafunzi wa hesabu watanifuata: kama kila mara zinabaki lita tano katika kumi na nne, basi baada ya kusuuza mara ya kwanza uchafu uliobaki ni kama theluthi moja na kitu, baada ya mara ya pili ni kama thumuni, na baada ya mara ya tatu ni pungufu ya sehemu moja katika ishirini. Mara ya tatu maji yalitoka yamekaribia kuwa meupe.

Wazee walikuwa wakisafisha rejeta kwa magadi, na rejeta zao za shaba zilivumilia. Rejeta nyingi za siku hizi ni za alumini, na magadi huila alumini. Msijaribu.

Tulipokuwa tukingoja injini ipoe kwa mara ya pili nikagundua jambo jingine. Mahali pa themostati palikuwa patupu. Themostati ni kama mlango mdogo uliowekwa katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi hujifunga ili injini ipate moto upesi, na ikifika nyuzi kama 82 hujifungua. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa, wakidhani ndiyo inayozuia maji yasipoe. Matokeo yake, lori likienda mahali tambarare injini hukaa baridi mno, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Na katika injini nyingine, kwa jinsi njia zake zilivyo, maji hupata njia ya mkato asubuhi hata jioni bila kupita katika rejeta, na lori huzidi kuchemka. Mjomba alikumbuka kwamba iliondolewa siku nyingi. Akampeleka utingo mjini kwa pikipiki kununua mpya pamoja na gasketi yake.

Sasa nifike mahali ambapo kosa lilikuwa langu.

Kwa kuwa lita tano za maji zilibaki ndani, hesabu ilitaka nitie kwanza lita saba za dawa safi, yaani nusu ya kumi na nne, kisha nijazie kwa maji. Basi wakati tunamngoja utingo, nalipima lita saba katika ndoo, nikaiweka nyuma ya gurudumu, tayari. Tukaitwa kula. Ndoo haikuwa na kifuniko. Rangi yake ilikuwa kijani nzuri, kama soda.

Tulipotoka tulimkuta mjukuu wa mjomba, msichana wa miaka minne, amechuchumaa mbele ya ndoo, anatia kidole na kulamba. Akatuambia, "Tamu."

Wasikilizaji, dawa ile ni tamu kweli, nayo ni sumu. Mafunda machache yaweza kumwua mtoto. Mwili wenyewe ndio unaoigeuza kuwa asidi kali, na asidi hiyo hufanya vijiwe kama vya sukari ndani ya figo na kuzifunga. Jambo la hatari zaidi ni kwamba dalili zake hudanganya. Katika saa za kwanza mtu huonekana kama mlevi, hutapika, huyumba. Pengine baadaye huonekana nafuu, nyumbani wakasema amepona. Kisha siku ya pili au ya tatu mkojo hukatika. Hospitali wanayo dawa ya kuzuia ini lisiigeuze sumu ile, nayo hufaa sana mgonjwa akifikishwa mapema, na hufaa kidogo akichelewa. Kwa hiyo hakuna kungoja dalili, hakuna kumnywesha maziwa, hakuna kumtapisha kwa vidole. Ni kumchukua yeye na dumu lenye kibandiko, na kwenda.

Tulikwenda. Njia ile kutoka Kilangala hata mjini naijua tangu utoto, na siku ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Mama alimpakata mtoto nyuma ya gari la jirani, akimwuliza kila mara, "Ulilamba mara ngapi?" na mtoto akijibu, "Moja," kisha, "Kumi," kwa kuwa ndizo hesabu alizozijua. Mjomba alikaa karibu nami asinitazame. Walimweka hospitali siku mbili wakimwangalia, wakipima damu na mkojo wake. Alikuwa amelamba tu, hakunywa. Alirudi nyumbani akidai soda ya kijani.

Baadaye nalisoma habari ambazo ningetamani kuzisoma kabla. Mwaka 1937 huko Marekani watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto, kwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa daiethilini glaikoli, ambayo ni ndugu wa sumu hii. Na mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kushindwa, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za kikohozi zilizochanganyika na sumu hizi mbili. Mimi nalikuwa mwalimu wa sayansi, na ndoo nikaiacha wazi.

Siku ya tatu tulimaliza kazi. Tulitia themostati mpya. Tulikagua mipira yote kwa kuibonyeza. Mmoja ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva, tukaubadili. Tukatazama mpira wa ndani ya kifuniko cha rejeta na mkanda wa feni. Kisha nikatia dawa polepole sana, maana ukimimina kwa haraka hewa hunaswa ndani, na mahali penye hewa hapana maji, na mahali pasipo maji chuma huungua. Baada ya dawa, tukajazia maji ya mvua. Tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi, tukatazama mapovu yakitoka, tukiongeza kidogo kidogo, mpaka mpira wa juu ukawa moto ghafula. Ndiyo alama kwamba themostati imefunguka. Mapovu yalipokoma tukafunga kifuniko, tukajaza kile chupa cha akiba kilicho pembeni mpaka kati ya mistari yake miwili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tukatazama tena. Yalikuwa yamepungua kiasi cha kikombe. Ndivyo iwavyo mara nyingi, maana hewa iliyobaki hutoka usiku. Tukaongeza, tukachungulia chini kama kuna tone.

Mjomba alipakia simenti akapanda Rondo. Aliporudi jioni alisema geji ya joto ilipita nusu kidogo katika mpando mkali, ikarudi, na lori halikuchemka. Sikustaajabu kwamba ilipanda. Ukoko wa miaka mingi hautoki wote kwa kusuuza maji, na rejeta ile siku moja itataka kufunguliwa na fundi. Lakini ufuta wa watu ulifika mnadani.

Maji machafu hatukuyamwaga ardhini. Nalijua kwamba wakati fulani fundi alikuwa amelitia lori hilo dawa, na hata mabaki yake si kitu cha kumwaga penye kuku na mbuzi, wala karibu na kisima, maana mnyama naye hupenda utamu. Tuliyatia katika dumu lenye kifuniko, nikaandika SUMU kwa herufi kubwa, tukayapeleka gereji mjini pamoja na oili chafu.

Yakabaki yale madumu mawili ya dawa. Moja lilikuwa na lita tatu za akiba, na mjomba akalifungia stoo, juu kabisa, ufunguo kwake. La pili lilikuwa tupu, jipya, zuri, lina mkono na kifuniko kinachobana. Mama alikuja akalishika. "Hili langu," akasema. "Mmechukua maji yangu madebe mawili. Hili litachotea maji, au nitatilia mafuta ya nazi."

Nikamwambia, "Mama, hili haliwezi kuoshwa likafaa kwa kinywa cha mtu."

"Nitaliosha kwa mchanga na maji ya moto."

Sikubishana naye. Nalichukua msumari wa inchi nne na jiwe, nikalitoboa dumu mahali pengi mbele ya macho yake. Alisikitika sana. "Dumu zima hili!" akasema, akaingia ndani, na chakula cha usiku ule aliniletea mtoto, si yeye mwenyewe. Kesho yake nalimnunulia ndoo mbili za plastiki mjini Lindi, zenye vifuniko, akazipokea.

Haya, wasikilizaji, wakati wangu umekwisha. Kwaherini.